Mama Anasema Ameshapanda

Mara ya mwisho nilipoandika, nilimwacha mama kwenye gati la Mbita, kikapu kichwani, akingoja mashua ya kumpeleka Rusinga kwa baba yake. Baba yake alifariki mwaka 1981. Na Rusinga siku hizi mtu huenda kwa barabara.

Kwa asiyetujua: mama yangu ni Filister, umri wa miaka sabini na mitatu, mke wa kwanza wa marehemu baba. Kwa kuwa alizaliwa Rusinga, boma zima humwita Nyar Rusinga. Boma letu liko nje kidogo ya Kisegi. Mimi ni Marion, bintiye, mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari huko Migori. Mwaka mzima niliwaambia watu kwamba mama ana presha. Nilijua si presha.

Hadi sasa nimeandika habari za ugonjwa wake. Leo naandika nililolifanya mimi.

Baada ya siku ile ya Mbita nilimpeleka Homa Bay kwa Daktari Okari. Alimwambia achore saa ya ukutani. Mama alichora duara zuri, kisha akazirundika namba zote upande mmoja kama mbuzi waliokimbilia kivuli. Akaulizwa huu ni mwezi gani. Akamwambia daktari, "Wewe mtoto wa Kisii, mbona umekonda hivyo? Kwenu hawakupi samaki?" Daktari akacheka. Baada ya dakika mbili mama alimwuliza tena, kwa maneno yaleyale. Mara ya tatu daktari hakucheka.

Damu ilipimwa sukari, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini na kaswende, maana kila moja ya hizo inaweza kumvuruga mtu akili na ikatibika. Zote zilikuwa sawa. Picha ya kichwa ilionyesha ubongo umesinyaa. Daktari akalitaja jina la ugonjwa: Alzheimer. Nilimwuliza kama si uzee tu.

"Wako wanaofika miaka tisini na bado wanaijua njia ya kwao," alisema. "Huu ni ugonjwa. Hauponi. Ziko dawa zinazowasaidia baadhi ya watu kwa muda, nitampa. Lakini kazi kubwa ni ya nyumbani."

Kazi hiyo aliieleza kwa utaratibu, na mimi nikaandika daftarini. Nisibishane na mgonjwa, kwa sababu hoja haimshindi bali humuumiza. Ratiba ya siku isibadilike. Vitu vya nyumbani vibandikwe majina, na vya hatari viondolewe kabisa. Kazi anazozijua aachiwe azifanye, lakini mtu awe ubavuni mwake. Na anayemtunza naye apate kupumzika.

Nilijivunia ukurasa ule. Ulikuwa na vichwa vidogo na mistari chini yake.

Anayemtunza mama si mimi. Ni Caren, mke wa ndugu yangu Cephas ambaye yuko kazini Mombasa. Mimi huja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Nilimsomea Caren ukurasa wote. Akasikiliza hadi mwisho, akamalizia kukamua shuka la mama, kisha akasema, "Ni vizuri, Mwalimu. Wewe unaandika, mimi ninafua."

Nilimwagiza asimwambie mtu yeyote, hasa nyumba ya pili. Nyumba ya pili ni ya Trizah, mke mdogo wa baba. Sababu niliyompa Caren ni kwamba watu wangesema chira, ile laana ambayo kwetu husemwa inaiangukia nyumba iliyovunja mwiko. Hiyo ilikuwa kweli. Sababu ya pili sikuitaja: niliona haya. Mwalimu anayesahihisha watoto wa watu, mama yake hajui huu ni mwezi gani.

Kisha mvua ya Machi ikaja.

Katika boma letu hakuna anayepanda kabla ya mikayi, yaani mke wa kwanza. Yeye hutia mbegu zake ardhini, hata kama ni mistari miwili, ndipo mke wa pili apande, kisha wana kwa zamu zao. Anayeruka zamu anaiita chira. Mimi siamini chira. Naeleza tu ili ieleweke kwa nini mvua ilinyesha siku tisa na shamba letu likabaki tupu, wakati ng'ambo ya ua mahindi ya jirani yalikuwa yameanza kuchungulia.

Mbegu za mama hukaa ndani ya kibuyu kinachoning'inia juu ya mafiga, kimezibwa kwa gunzi. Nilikishusha nikampa pamoja na jembe lake. Akanitazama kama mtu anayeambiwa anawe wakati mikono bado ina maji.

"Nimeshapanda," alisema. "Trizah alinishika mkono, tukapanda."

Nilimwonyesha shamba kupitia mlangoni. Hakukuwa na hata shimo moja. Akarudia vilevile, sauti ikaanza kutetemeka. Daktari alikuwa amesema nisibishane. Nilikirudisha kibuyu mahali pake, nikaandika daftarini: "Kumbukumbu ya uongo. Mke mwenza hagusi mbegu za mikayi."

Naomba msomaji aukumbuke mstari huo.

Ijumaa Wesley, mwana wa kwanza wa Trizah, alikuja mara ya tatu. Aliegemea mwimo wa mlango, kofia mkononi kwa heshima, ingawa mdomo wake hauna heshima nyingi.

"Mwalimu, mama anawasalimia. Anauliza kama Nyar Rusinga ametoa mbegu. Mimi naongeza langu: tunapanda lini, Krismasi?"

Nilimwambia nitamjibu Jumapili.

Trizah ni Msabato. Jumamosi yeye na nyumba yake yote huwa kanisani hadi alasiri. Caren nilimtuma sokoni Kisegi. Boma lilipobaki kimya nilichukua pakiti ya mbegu za mahindi niliyoinunua Migori, nikavuta kamba toka kigingi hadi kigingi, nikapanda mistari sita kwenye shamba la mama. Nafasi sentimita sabini na tano kwa ishirini na tano. Binti hapandi kwa niaba ya mama yake. Nilijua, na nikapanda.

Mama alikuwa ameketi kizingitini, ananitazama. Nilipofika mstari wa nne alinisemesha kwa sauti ya upole, ile ya kusemesha wageni.

"Wewe ni mtoto wa nani, unanilimia vizuri hivyo?"

Nilimjibu kwamba mimi ni Marion.

"Mwambie mama yako amekulea," alisema.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mama kutonijua. Niliandika saa hiyo, kisha nikamaliza mistari miwili iliyobaki.

Jumapili asubuhi Trizah alikuja mwenyewe. Alisimama ukingoni mwa shamba, akaitazama ile mistari kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nikamwambia, "Mama mdogo, mama anasema ameshapanda."

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa kweli. Nimefundisha miaka kumi na tisa na nimewaadhibu wanafunzi kwa uongo mwepesi zaidi ya huo.

"Anasema hivyo?" Trizah aliuliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Basi ni vyema," akasema. Siku hiyohiyo nyumba ya pili ikapanda.

Lazima nieleze kuhusu ile pakiti. Mbegu za dukani hupakwa dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, na hutiwa rangi nyekundu ili mtu asizile. Dawa hiyo haitoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Haya nayafundisha darasani. Nilibakiwa na zaidi ya nusu. Nikaifunga pakiti, nikaiandika SUMU kwa kalamu nene, herufi za urefu wa kidole, nikaiweka juu kabisa ya kabati la jikoni. Kisha nikafanya jaribio. Nilimsimamisha mama mbele ya kabati nikamwomba asome.

"Sumu," alisoma, bila kukwama.

Niliridhika. Daktari Okari alikuwa amesema vitu vya hatari viondolewe kabisa, wala hakusema vipandishwe juu. Isitoshe, kusoma neno na kujua linachokataza ni kazi mbili ndani ya ubongo, na ya pili inaweza kuharibika huku ya kwanza bado nzima. Hilo nimelijua baadaye.

Wiki mbili zikapita. Mahindi yangu yalitoka yamenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jumapili ya pili Caren alikwenda misa. Mimi nilibaki nikisahihisha mitihani chumbani. Kutoka jikoni nilisikia mama akiimba, kisha kifuniko kikigonga sufuria, kisha harufu ya nyoyo, mahindi na maharagwe yakichemka pamoja. Alikuwa hajapika karibu mwaka mzima. Nilifurahi. Nilikumbuka kwamba daktari alisema aachiwe kazi anazozijua. Nusu ya pili ya sentensi hiyo sikuikumbuka. Nilikuwa na karatasi arobaini na moja, na nilikuwa nimefika ya thelathini.

Saa saba mchana Wesley aliita jina langu kutoka uani, si "Mwalimu" bali "Marion". Nilitoka. Trizah alikuwa ameketi chini mbele ya nyumba yake, anatapika, jasho likimtiririka, mikono ikimtetemeka. Kando yake palikuwa na bakuli la udongo la mama.

Nilielewa kabla sijaliinua. Maharagwe yalikuwa mekundu, kwa hiyo mchuzi mwekundu haukumshtua mtu. Lakini mahindi nayo yalikuwa mekundu.

Watu walianza kukusanyika. Jirani mmoja mzee alitazama mgonjwa, akatazama mashamba, akasema polepole kwamba katika boma hili kuna aliyeruka zamu, na kwamba dawa ya jambo hilo haimo hospitalini. Wengine wakaitikia kwa koo. Caren alikuwa ametoka misa muda huohuo. Hakumtazama yule mzee. Alinitazama mimi.

Wesley alipata gari la jirani, Probox. Kabla ya kuondoka nilikimbilia jikoni. Nilichota vijiko vinne vya nyoyo nikavitia kwenye mfuko wa nailoni kama sampuli, nikafunga fundo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amejitanda leso safi, anapendeza. Nikamwuliza kama amekula. Akasema hajala. Niliandika, kisha nikatoka.

Toka Kisegi hadi Homa Bay sikusema neno.

Hili ndilo ninaloona vigumu zaidi kuliandika. Kitini mbele yangu Wesley alikuwa anawapigia simu wote anaowajua, akiwaambia mama yake amekula chakula kilicholala. Kando yangu Trizah alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya Caren. Mimi nilikuwa na mfuko ndani ya mkoba wangu, na katika mfuko huo jibu lote. Nilijiambia kwamba barabarani hakuna wa kumwambia. Nilijiambia kwamba daktari ataona mwenyewe. Nilijipa hoja nzuri sana, kwa mpangilio. Kilichokuwa chini ya hoja zote ni kimoja: nikisema mbegu zimetoka wapi, itabidi niseme nani alipanda, nikisema nani alipanda, itabidi niseme kwa nini mama hakupanda.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, beji yake imeandikwa Dolphine. Alimtundikia Trizah dripu, akampima mapigo, akauliza alichokula.

"Nyoyo," Wesley alisema. "Labda ya jana."

"Nyumbani kuna dawa yoyote? Ya mifugo, ya panya, ya shamba?"

Wesley akasema hakuna. Daktari akaanza kuandika. Nilikiona alichokuwa anaandika: chakula kilichoharibika.

"Mwalimu," Caren alisema kwa sauti ya chini, "sema wewe, ama niseme mimi."

Niliutoa ule mfuko, nikauweka juu ya karatasi ya daktari. Nikasema hizi ni mbegu zilizopakwa dawa. Nikataja dawa hizo kwa majina, kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye pakiti na nilikuwa nimezisoma. Daktari Dolphine aliniuliza nimejua hayo tangu lini. Nikamwambia tangu saa saba na robo. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa karibu saa kumi. Hakunigombeza. Aliita muuguzi na wakaanza kazi nyingine kabisa kitandani pale, ya haraka, na sisi tukaambiwa tusogee.

Kwenye korido Wesley alinigeukia. Nikamwambia yote: saa iliyochorwa, jina la ugonjwa, mistari sita, kamba. Nilitarajia anipige. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Mwaka mzima unatuambia presha," alisema. "Sisi ni watu gani kwako, Mwalimu?"

Niliketi upande wa pili wa benchi.

Baada ya saa moja na nusu tuliruhusiwa kuingia. Trizah alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, lakini mikono imetulia. Daktari alisema usiku huu ndio utakaoamua, na akamwagiza asiongee sana. Nilipiga magoti karibu na uso wake.

"Mama mdogo, mama hakupanda," nilisema. "Nilipanda mimi. Ni mgonjwa wa kichwa. Nilikuficha."

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Nyathina," alisema, mwanangu, "Nyar Rusinga hajawahi kuvuta kamba tangu nimjue. Mistari yake hutembea kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Nilipoiona ile yako nilijua."

"Mbona ulipanda?"

"Mvua ilikuwa inakwisha. Nikasema, kama kuna kosa, na linikute mimi kwanza, si watoto." Akapumua. "Mimi ni Msabato. Lakini nimeolewa katika boma."

Nikamwuliza amejua lini kwamba mama anaumwa.

"Mwaka juzi alikuja kwangu mara nne kwa siku moja kuomba chumvi. Ndipo nilipojua. Mwaka jana mvua ilipofika alisimama shambani na kibuyu, hajui kinafunguliwa vipi. Nikafungua mimi. Nikamshika mkono, tukapanda mistari miwili alfajiri, kabla watu hawajaamka. Akaniambia asante mwenzangu. Mwaka huu ulikuwa umerudi wewe, mwenye masomo. Nikangoja uniite. Nilimtuma Wesley mara tatu ili uniite."

Trizah alinishika mkono, tukapanda. Mama alikuwa ameniambia. Katika kurasa zote za daftari lile, neno lake moja lililokuwa kweli tupu ndilo nililoliandika kuwa ni uongo.

Nilimwuliza mwisho kwa nini aliila nyoyo ile. Lazima ilikuwa chungu.

"Ilikuwa chungu," alisema. "Lakini aliileta mwenyewe, kwa mikono miwili, akaniita kwa jina. Miezi mingi alikuwa hanijui. Ningeitemaje?"

Caren alijipangusa macho kwa leso. Wesley alitazama dirishani. Trizah akajaribu kuinua kichwa. Alitutazama mmoja mmoja, polepole, kama mama anayehesabu kuku jioni: Wesley, Caren, mimi. Alipomaliza alianza upya.

"Nani yuko na Nyar Rusinga?" aliuliza.

Caren alinigeukia; alidhani nimemwachia jirani. Mimi nilidhani yeye ndiye aliyemwachia. Simu ya kumpigia mama haipo, nilimnyang'anya mwezi wa Januari kwa sababu alikuwa ananipigia mara arobaini kwa siku.

Hapo ndipo nilipoiona sufuria akilini, vilevile nilivyoiacha juu ya mafiga. Nilichota vijiko vinne, nikafunga fundo, na nyoyo iliyobaki sikuimwaga. Na nilimwuliza mama kama amekula. Nilimwuliza mtu asiyejua kama mimi ni mtoto wake, akaniambia hajala, nikamwamini.

Nilikuwa nimeliandika jibu lake daftarini, na saa kando yake.